Santuri ni Matini: Rai Kutoka Kitale na Bungoma

Mwanafunzi wa Kiswahili anapoandika tasnifu kuhusu riwaya, hukisaka kitabu mpaka akipate, akachunguza toleo lake, mwaka wake na mchapishaji wake. Mwanafunzi huyo huyo anapoandika kuhusu nyimbo za Kiswahili za miaka ya 1960, huridhika na maneno aliyoyaokota mtandaoni, yasiyo na tarehe wala jina la mtunzi, na msimamizi wake hutia sahihi. Sioni sababu ya tofauti hii. Dai langu ni kwamba santuri ni matini ya fasihi ya Kiswahili sawa na kitabu, na kwamba sisi tunaotoka magharibi mwa Kenya tuna deni kubwa katika jambo hili.

Deni hilo si la kubuni. Upigaji wa gitaa uitwao omutibo, ambao George Mukabi aliutia umaarufu kabla ya kifo chake mwaka 1963, ulizaliwa huku kwetu Uluhyani, na nyimbo zake nyingi ni za Kiswahili. Daudi Kabaka naye, aliyefariki mwaka 2001, aliuchukua mdundo wa twist uliovuma Marekani mwaka 1960 kwa sauti ya Chubby Checker, akauoanisha na gitaa la nyumbani na kuuvika Kiswahili akiwa na Equator Sound jijini Nairobi. Mwaka 1968 kundi la Uingereza, The Tremeloes, liliurekodi wimbo wake "Helule Helule", nao ukaingia katika nyimbo ishirini bora za huko. Hawa ndio Tremeloes ambao kampuni ya Decca iliwachagua mwaka 1962 ikawaacha Beatles! Kwa hiyo mkusanyaji wa santuri za roki kule London huenda ana kazi ya Kabaka rafuni mwake bila kujua mtunzi ni nani. Ajabu ni kwamba wengi wetu pia hatujui.

Wapo watakaosema kuwa roki na mitambo yake ni mambo ya wageni, hayatuhusu. Niwakumbushe tu kwamba Freddie Mercury wa kundi la Queen alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Lakini mfano ulio bora uko jirani zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba juu ya "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikwishafika kwao, na wao wakamfanya kiumbe wa ngano na wimbo. Tazama basi: santuri ya kigeni iliingia katika fasihi simulizi ya Kiafrika, kisha ikatoka tena kama santuri nyingine. Nadharia ya mwingilianomatini tunayoikariri darasani ingepata wapi mfano ulio wazi kuliko huu?

Mjini Kitale nimewahi kufunguliwa masanduku ya mzee mmoja mstaafu. Jim Reeves alilala juu ya Kabaka, Kabaka juu ya Rolling Stones, na chini kabisa zilikuwapo sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Mzee hakuzitenga kwa lugha wala kwa kabila. Alizipanga kwa jinsi alivyozinunua. Mpangilio ule peke yake ni historia ya usomaji, kama tungekubali kuuita usomaji. Kule Bungoma, kwa upande mwingine, niliona santuri zikiuzwa sokoni pamoja na sufuria kuukuu, bila maganda, zimerundikwa juani mpaka zikapinda.

Hapa sina budi kuisemea mitambo yenyewe, kwani wenzangu wengi huipuuza. Wapenzi wake huiita haifai, jina ambalo kwa masikio ya Mswahili ni la kusikitisha. Nadhani ndiyo maana wakuu wa idara hawaitengei fedha. Ukweli ni kwamba bila mtambo ufaao hakuna matini. Sahani ya mizunguko 78 ina mifuo mipana, hivyo yataka sindano nene kuliko ile ya santuri za 45 na 33. Tena, sauti inapochongwa katika santuri, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa. Ni kikuza sauti chenye saketi maalumu kinachorejesha uwiano huo, la sivyo mwimbaji hulia kama mbu. Mwana wa yule mzee alimletea mashine kutoka Marekani, ambako umeme una mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu una 50, na mota yake ilikuwa ya aina inayoufuata umeme, kwa hiyo santuri ya 45 ikazunguka mara 37 na nusu. Kabaka akaimba kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mtafiti asiyejua hili angeandika kurasa nzima juu ya toni ya huzuni katika wimbo wa kuchezwa.

Kwa mwanaisimu hoja ni nzito zaidi. Santuri za kabla ya mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, zimehifadhi Kiswahili cha bara kama kilivyosemwa na watu ambao hawakusahihishwa na mwalimu. Inajulikana kwamba Mbukusu huelekea kutamka /b/ kama /p/ na /d/ kama /t/. Je, waimbaji wa zamani walifanya hivyo, au walijilazimisha kuimba Kipwani? Swali hilo halijibiki kwa spika ya simu, kwa maana mghuno unakaa katika sauti za chini ambazo spika ndogo haiwezi kuzitoa.

Siwadharau walioanza kazi hii. Ketebul Music ya Nairobi ilitoa utafiti wake juu ya benga mwaka 2008, na nyimbo za Mukabi zimekusanywa na kutolewa upya Marekani. Nawapongeza, ingawa inaniuma kuwa wa mbali wametutangulia. Tusiwalaumu wageni wanaozinunua; wanalipia kile ambacho sisi tunakiuza pamoja na sufuria.

Makumbusho ya Kitale yalitokana na mkusanyiko wa mtu mmoja, Luteni Kanali Stoneham, aliyeanza kuonyesha wadudu na vitabu vyake mwaka 1926. Ikiwa vipepeo walistahili jengo, sauti za watu zinastahili angalau kabati. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko Bungoma, Makumbusho yako Kitale, nacho chama chetu kina wanachama wanaokwenda likizo katika miji yote miwili. Napendekeza tununue mtambo mmoja wa santuri wenye kasi zote tatu na sindano za aina mbili, na kila mwanachama aende nyumbani na fomu yenye nafasi ya lebo, namba ya santuri, upande A na upande B, mtunzi, lugha, hali ya sahani, na jina la mwenyewe, ambaye santuri yake itarudishwa ndani ya mwezi mmoja ikiwa imepanguswa.