Nani Ana Namba ya Mtu wa Zamu?

Leo nina hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie. Wale mliozoea nikiandika mambo ya muziki na vituko vya daladala, rukeni hii, tutakutana wiki ijayo.

Kisa chenyewe ni hiki. Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku pale chumba cha habari. Nje upepo umeanza kupiga mabati, taa zinawaka na kuzimika, mhariri ananigeukia: "Dogo, watu wa hali ya hewa wanasemaje?" Nikafungua kundi la WhatsApp ambalo ofisi moja (siitaji) ilituunganisha waandishi ili tupate tahadhari mapema. Nikakuta ujumbe 140 sijausoma. Nikaanza kushuka nao. Pole kwa msiba. Pole kwa msiba. Amina. Hongera kwa kupata mtoto. Picha ya ua jekundu, "asubuhi njema wapendwa". Tangazo la viwanja Kigamboni, vimepimwa, hati ipo. Pole kwa msiba. Halafu, katikati ya rambirambi, faili moja la PDF lisilo na jina la maana. Hiyo ndiyo ilikuwa tahadhari. Ilitumwa saa tano kabla.

Nikampigia admini wa kundi. Akapokea mzee mmoja, sauti ya usingizi. "Shikamoo mzee, samahani kwa usumbufu, naulizia hii tahadhari ya upepo." "Marahaba mwanangu. Mimi nilishastaafu tangu mwaka jana. Hawajanitoa tu humu."

Nani basi ana namba ya mtu wa zamu? Mzee hakuwa nayo. Ile aliyokuwa nayo ilikuwa ya kijana aliyehamishiwa mkoa mwingine.

Sasa kabla hujasema "ndiyo nchi yetu hii", ngoja nikupeleke Marekani, maana ugonjwa huu hauna pasipoti. Idara yao ya taifa ya hali ya hewa, NWS, mpaka tarehe 11 Mei 2016 ilikuwa inatoa utabiri wake KWA HERUFI KUBWA TUPU NAMNA HII. Kisa? Zamani utabiri ulikuwa unatumwa kwa mashine za simu ya maandishi ambazo hazikuwa na herufi ndogo. Mashine zenyewe zilishaingia makumbusho, barua pepe ikaja, herufi kubwa zikawa ni kama kumpigia mtu kelele, lakini idara ikaendelea kupiga kelele kwa sababu kulikuwa na wateja na mitambo iliyozoea hivyo.

Lakini hilo ni la kuchekesha tu. La kuudhi ni la Machi 2021. NWS walikuwa na mfumo wao wa kuchati, NWSChat. Kwa wakati wake ulikuwa kitu kizuri sana. Ulitokana na kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, ukajengwa juu ya Jabber, teknolojia ya wazi ambayo yeyote anaweza kuitumia. Mtabiri anakaa ndani humo, mtangazaji wa televisheni yumo, mtu wa uokoaji wa wilaya yumo. Tornado ikionekana kwenye rada, mtabiri anaandika mstari mmoja, wote wanauona papo hapo. Wa uokoaji naye anajibu: nyumba zimeezuliwa mtaa fulani. Mtabiri anaongeza ukali wa tahadhari. Mawasiliano ya pande mbili, ndani ya sekunde, na kila kitu kinabaki kimeandikwa.

Shida ni kwamba mfumo ulizeeka bila kutunzwa. Ukawa unalemewa siku zilezile ambazo kila mtu anauhitaji. Mwezi huo wa Machi tornado zilikuwa zinapiga majimbo ya kusini na kuua watu Alabama. Ofisi ya Birmingham, Alabama, ikaamua kuokoa jahazi kwa kutumia Slack, programu ya kuchati ambayo makampuni mengi yanaitumia. Makao makuu yakasema hapana, acheni. Mtangazaji maarufu wa hali ya hewa wa huko, James Spann, akalalamika hadharani, na gazeti la Washington Post likaandika jinsi mifumo ya idara hiyo ilivyochoka. Na unajua ilivyoishia? Baadaye idara hiyohiyo ikahamishia NWSChat kwenye... Slack!

Nimewahi kubishana na jamaa mmoja wa tehama kuhusu hili. Yeye anatetea makao makuu. Anasema huwezi kuruhusu kila ofisi ichukue programu yake, kesho siri zinavuja, keshokutwa mahakama inaomba kumbukumbu huna. Namkubalia kabisa. Ujumbe wa serikali lazima uwe na kumbukumbu, na usikae kwenye seva ya mtu usiyemjua. Ila bosi anayekataza kitu kinachofanya kazi halafu hatoi kingine, huyo halindi usalama. Analinda faili lake. Mtabiri anayeona wingu linajisokota juu ya mji wa watu hawezi kusubiri kamati ya manunuzi ikutane.

Tena nisieleweke vibaya. Mimi si wale wa kusema kila cha zamani kitupwe. Chukua ripoti za hali ya hewa za viwanja vya ndege. Mfano ujumbe kama huu: HTDA 041200Z 05008KT 9999 FEW022 31/24 Q1010. Ukiuona unadhani paka kapita kwenye kibodi. Kumbe ni Dar es Salaam, tarehe 4, saa tisa alasiri kwa saa zetu, upepo unatoka kaskazini mashariki kwa noti 8, unaona kilomita 10 na zaidi, mawingu machache futi 2,200, joto nyuzi 31. Ni lugha ya enzi za telegrafu, na mpaka leo rubani wa Ethiopia na wa Japani wanaisoma sawasawa. Inapita kwenye laini mbovu kuliko zote. Nani anataka kuibadilisha iwe video ya dakika tatu yenye muziki? (Wapo, msicheke. Nimewahi kukaa kwenye uzinduzi wa namna hiyo, tukagawiwa fulana.)

Hata Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lenyewe limekubali kwamba mtandao wake wa zamani umefika mwisho. Ule mtandao, GTS, ni kama posta: ujumbe unatoka kituo kwenda kituo kikubwa, kikubwa kinaupeleka mbele. Nairobi ni mojawapo ya vituo hivyo vikubwa. Sasa wanahamia mfumo uitwao WIS 2.0 ambao umeanza kazi rasmi mwaka 2025, ambapo kila nchi inaweka takwimu zake mlangoni kwake na anayezitaka anajiandikisha, zikitoka tu anapewa taarifa. Programu ya kuendeshea mambo hayo, wis2box, ni ya bure. Safi sana. Lakini angalia wanachokarabati: mazungumzo ya mashine na mashine. Mtu na mtu je? Mtabiri wa zamu usiku wa manane na ofisa wa bandari? Huko tumewaachia WhatsApp na Mungu.

Mnaodhani nakuza mambo, nawakumbusha Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004.

Tetemeko lilipiga chini ya bahari karibu na Sumatra, kwa saa zetu ilikuwa saa kumi kasoro dakika moja alfajiri. Kule Hawaii kuna kituo cha tahadhari za tsunami cha Pasifiki, kinaendeshwa na hao hao NWS. Ndani ya dakika kama 15 kikawa kimeshatoa taarifa ya kwanza kwamba kuna tetemeko kubwa. Wataalamu walikuwepo. Lakini kazi yao kisheria ilikuwa bahari ya Pasifiki, na kwa nchi za Bahari ya Hindi hawakuwa na utaratibu, hawakuwa na orodha ya nani wa kumpigia. Ikabidi waanze kutafuta watu kama mimi nilivyomtafuta yule mzee. Hapakuwa na mtu wa zamu upande wa pili.

Wimbi lilichukua takribani saa saba kufika Somalia. Saa saba! Basi la Dar kwenda Arusha halimalizi safari kwa muda huo. Somalia walikufa karibu watu 300. Hapa kwetu walikufa watu wasiopungua 10, wakiwemo waliokuwa wanaogelea Dar, siku ya pili ya Krismasi, jua limewaka, watu wamejaa ufukweni. Kenya walipoteza mtu mmoja, maana huko polisi waliwaondoa watu fukweni baada ya habari za Asia kuanza kusambaa. Unaona? Waliookolewa hawakuokolewa na mtambo wa mabilioni. Habari ilimfikia mtu sahihi, naye akaamua.

Tangu hapo Bahari ya Hindi imepata mfumo wake wa tahadhari, na kwetu Mamlaka ya Hali ya Hewa ndiyo yenye jukumu hilo. Na niseme ukweli, watabiri wetu siwalaumu. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 walikiona mapema, wakatangaza mapema, redio zikaimba siku nzima. Kikapita karibu na Mafia tarehe 4, kikaacha uharibifu Lindi na Mtwara, barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga. Kazi ya sayansi walifanya.

Lakini hesabu nami. Hidaya tarehe 4. Tarehe 12 Mei, siku nane tu baadaye, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kuvutwa kwa kamba. Mnakumbuka wenyewe mlivyokuwa mnashika simu juu kama mnatafuta mwezi. Kingekuja kimbunga wiki ile, yale makundi yetu ya WhatsApp yangefanya nini? Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp yenyewe ilizima dunia nzima kwa saa kama sita kwa sababu watu fulani California walikosea mipangilio ya mitambo yao. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Sitaki kuingia huko leo, nina mengi ya kusema na mengine nayameza. Nauliza swali dogo tu la kiufundi: aliyezima alijua kwamba kuna mvuvi pale Mafia ambaye tahadhari yake ya upepo ilikuwa inapita njia hiyohiyo anayoizima?

Umoja wa Mataifa una mpango wake, tahadhari za mapema kwa wote. Guterres aliupigia debe Sharm el-Sheikh Novemba 2022: ifikapo mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe analindwa, kwa dola bilioni 3.1. Pesa hizo zikifika huku najua zitakakoelekea. Rada, semina, magari meupe. Rada tunazihitaji, sikatai. Ila hakuna atakayekata utepe kwenye kitu kidogo ninachokitaka mimi, kwa sababu hakipigiki picha.

Nataka namba iwe ya dawati, isiwe ya mtu. Anayeingia zamu anaikuta, anayestaafu anaiacha. Nataka chumba kimoja cha mazungumzo cha watabiri, kwenye seva yetu wenyewe, programu za wazi za kazi hiyo zipo za bure tangu enzi za Jabber, ambamo bandari, polisi, zimamoto, viongozi wa wavuvi na sisi wa redio tunaingia kwa majina yetu na vyeo vyetu, na ambamo huwezi kupost kiwanja. Rambirambi ziende kwenye kundi la rambirambi. Kila neno libaki na saa yake, ili siku watu wakifa tujue nani alijua nini saa ngapi. Na pembeni ya chumba hicho kuwe na redio ya mawimbi na simu ya setilaiti ambayo mtu anaijaribu kila wiki, betri imejaa, kwa ajili ya siku nyaya zimekatika au mtu amezikata.

Wakubwa wakisema hatuna bajeti, waniambie ile fulana niliyogawiwa iliuzwa shilingi ngapi. Bado ninayo, nalalia.

Juzi nimempigia tena yule mzee kumjulia hali. Tumezoeana sasa. Bado ni admini. Ameniomba nimwelekeze jinsi ya kujitoa, nikamwambia mzee wangu tafadhali subiri kwanza, ukitoka wewe sijui litabaki mikononi mwa nani.