Nyumba za Shamba na Wageni Wake

Msafiri atokaye Mjini Unguja kwa njia ya kaskazini, akapita Mtoni na Bububu hadi Chuini, huona baina ya minazi na miembe kuta za mawe zilizokwisha kupoteza mapaa yake. Hayo ni mabaki ya mashamba ya karne ya 19. Hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 kwa amri ya Seyyid Said, ingali imesimama kwa kuwa inatunzwa. Majengo mengi ya zama zake hayakujaaliwa bahati hiyo.

Hata hivyo, zipo nyumba za shamba ambazo zingali zinakaliwa, na wapo wenye nyumba walioamua kupokea wageni: vyumba vitatu au vinne, chai ya mdalasini barazani, chakula kipikwacho na watu wa nyumba wenyewe, na matembezi shambani ambako mgeni huonyeshwa namna karafuu inavyochumwa, kuchambuliwa na kuanikwa majamvini. Sisi tunaiunga mkono kazi hiyo, na tunawaomba wakuu wanaohusika wasiipime kwa kipimo cha hoteli kubwa za ufukweni. Mwenye vyumba vitatu akitakiwa ada na masharti sawasawa na mwenye vyumba mia, atafunga mlango. Na mlango ukifungwa, nyumba nayo itakwenda.

Itakwenda kwa sababu nyumba ya mawe na chokaa haisamehe. Paa likivuja msimu mmoja, maji hunywea ukutani, chokaa hulainika, na boriti huoza pale zinapoingia ukutani, mahali pasipoonekana. Beit el-Ajaib iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Lile ni jasiri la Mji Mkongwe, uliotiwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, mbele ya macho ya kila mtu. Nyumba iliyo shamba nani ataisikia ikianguka?

Wala karafuu peke yake haitoshi kuitengeneza. Mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja na mwaka wa pili ukapumzika. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi, na wenye mashamba waliotegemea zao moja wakabaki na madeni. Fedha ya mgeni, hata iwe kidogo, huingia pia mwaka ambao mti umepumzika.

Familia nazo zina lawama yao. Wako wanaoziba nyufa kwa saruji kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Saruji huyafungia maji ndani ya ukuta wa matumbawe, na baada ya miaka michache hubanduka pamoja na jiwe. Wako warithi wanaogombania chumba kimoja kimoja huku paa la wote likivuja. Na wako wanaomsimulia mgeni habari za masultani na mabibi wao tu, wasitaje kwamba mashamba hayo yalilimwa kwa jasho la watumwa, ambao sheria haikuwatambua kuwa watu huru hadi mwaka 1897, wala kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa wananchi eka tatu tatu. Mgeni aliyekuja kutoka mbali anastahiki kuambiwa yote, na mjukuu wa mchumaji karafuu anastahiki kuyasikia yakisemwa.

Tunaomba, basi, mambo mawili. Nyumba za familia zenye vyumba vichache ziwekewe daraja lao katika leseni, bila ya kulegeza usafi na usalama wa mgeni. Na Serikali iwapeleke mafundi wa chokaa wakawafunze vijana wa mashamba, maana wazee wenye ujuzi huo wanapungua. Masika huanza mwezi wa Machi, na paa halitengenezwi mvua ikinyesha. Jibu lingefaa litoke kabla ya hapo.