Rivolva ya Baruti Nyeusi: Usinunue Sura, Nunua Vipimo

Leo naziweka kando lugha za programu niongee juu ya mashine ya karne ya 19: rivolva ya baruti nyeusi. Aliyenichokoza ni binamu yangu anayeishi Uingereza. Amejiunga na klabu ya kulenga shabaha, cheti chake kimetoka, na wiki jana akanitumia picha mbili na swali moja: "Wee fundi, ninunue ipi?" Ya kwanza ilikuwa na fremu ya shaba ya manjano inayong'aa kama sinia la harusi, na maua yamenakshiwa kwenye silinda. Ya pili ilikuwa nyeusi tititi, ya chuma, haina hata ua moja. Nikamwambia ya pili. Akanuna. Basi sababu zangu ni hizi, na huenda zikakufaa hata wewe ambaye hutawahi kushika bastola maishani.

Kwanza, kwa nini mtu wa leo ahangaike na baruti nyeusi? Huko Uingereza kuna sababu ya kisheria. Baada ya mauaji ya watoto wa shule kule Dunblane mwaka 1996, sheria za 1997 zilipiga marufuku bastola karibu zote, lakini zile zinazojazwa kwa mbele zikabaki kuruhusiwa kwa wenye cheti. Wapenzi wengi wa shabaha wakarudi kwenye teknolojia ya babu zao. Kule Marekani, sheria ya silaha ya 1968 inazihesabu nakala hizi kuwa silaha za kale maadamu hazitumii risasi za kisasa, ingawa majimbo yana masharti yake. Hapa kwetu Kenya silaha ni jambo la leseni, kwa hivyo usisome makala haya ukakimbilia kuagiza kitu mtandaoni.

Mashine yenyewe hufanya kazi hivi. Unamimina baruti ndani ya chemba ya silinda, unaweka gololi ya risasi laini juu yake, unaisukuma kwa wenzo ulio chini ya mtutu, kisha unavisha fataki kwenye chuchu ya chuma iliyo nyuma ya chemba. Unarudia mpaka chemba zijae. Ukifyatua, nyundo inagonga fataki, cheche inaingia kwenye baruti, na gololi inatoka pamoja na wingu la moshi. Katika shindano la Mariette, linaloendeshwa kwa kanuni za MLAIC, shirikisho la kimataifa la wapiga shabaha wa silaha hizi, unapiga mara 13 katika dakika 30 kwa umbali wa mita 25, na mapigo 10 bora ndiyo yanahesabiwa. Hapo hushindani na mwendo. Unashindana na mkono wako na vipimo vya mashine yako.

Neno lenyewe ni vipimo. Nakala nyingi zilizo sokoni hutoka Italia, hasa mkoa wa Brescia, kwa watengenezaji kama Uberti, Pietta na Pedersoli. Biashara hiyo ilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1950, Wamarekani walipokuwa wanajiandaa kuadhimisha miaka 100 ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe na wakataka bastola zilizofanana na zile za zamani. Angalieni hapo: soko lilizaliwa kwa ajili ya sura. Watu walitaka kitu cha kuvaa kiunoni kwenye maigizo ya vita. Mpiga shabaha alikuja kuokota kilichokuwepo, na mpaka leo anayenunua kwa macho hupata bastola ya maigizo. Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa vitu ambavyo macho hayavioni.

1. Chemba dhidi ya mtutu. Gololi ikisukumwa ndani ya chemba hukatwa pete nyembamba ya risasi, na kutoka hapo kipenyo chake ni kile cha chemba. Ndani ya mtutu kuna mifereji ya mzunguko inayoifanya gololi izunguke ili iende moja kwa moja. Chemba ikiwa nyembamba kuliko mifereji, gololi inaingia mtutuni ikiwa imepwaya, hainyakuliwi sawasawa, na shabaha inatawanyika. Hili ni tatizo la kawaida katika nakala. Chemba za inchi 0.446 na mifereji ya inchi 0.452, kwa mfano, ni tofauti ndogo kuliko unene wa kadi ya simu, lakini kwenye karatasi ya shabaha inaonekana. Wajuzi huwapelekea mafundi silinda zao ili chemba zipanuliwe. Mimi nasema: nenda dukani na kalipa, upime kabla ya kulipa.

2. Mlingano. Chemba zote sita lazima zisimame sawa na mtutu nyundo inapokuwa imevutwa. Bastola ikiwa tupu na imehakikishwa kuwa tupu, pitisha ufito ulionyooka unaoenea mtutuni uone kama unaingia kila chemba bila kukwama. Chemba tano zikiwa sawa na moja ikiwa kombo, una programu inayokubali majaribio matano na kuanguka la sita. Wenzangu wa kompyuta mnajua programu hiyo inavyoitwa: mbovu.

3. Fremu. Wakati wa vita vya Marekani, majimbo ya Kusini yalikuwa na uhaba wa chuma, na kiwanda cha Griswold & Gunnison kule Georgia kikatengeneza nakala za Colt kwa fremu ya shaba. Ilikuwa lazima, haikuwa pambo. Shaba ni laini, na mapigo mengi mazito huilegeza. Cha kuchekesha ni kwamba leo utauziwa muundo wa Remington wenye fremu ya shaba, wakati Remington New Model Army ya vita vile ilikuwa ya chuma. Yaani unalipia historia ambayo haikutokea! Za shaba kwa kawaida huwa nafuu, na hapo ndipo mtego ulipo.

4. Kilengeo. Kwenye Colt ya 1851 au ya 1860, kilengeo cha nyuma ni kitobo kwenye nyundo yenyewe, kitu kinachosogea. Tena mtutu umeshikiliwa na kabari, hakuna daraja la chuma juu ya silinda. Remington, tuliyozoea kuiita "1858" kwa sababu ya tarehe ya hataza yake, ina fremu iliyofunga pande zote na mfereji wa kulengea uliochongwa juu yake. Hausogei.

Kwa hiyo msimamo wangu: kwa shabaha, chukua fremu ya chuma iliyofunga, muundo wa Remington. Na kama mfuko unaruhusu, tafuta Rogers & Spencer.

Hii ya mwisho ina kisa ninachokipenda. Kiwanda chake cha New York kiliwapa wanajeshi wa serikali ya Marekani rivolva 5,000 mwaka 1865, vita vikiwa vinakwisha. Hazikupata kazi. Zikakaa ghalani mpaka 1901, zikauzwa kama mabaki kwa mfanyabiashara Francis Bannerman. Bidhaa iliyochelewa soko! Lakini fremu yake ni imara na mpini wake umepanuka chini, unakaa vizuri mkononi. Zaidi ya miaka 100 baadaye wapiga shabaha wakaipenda, na hata Feinwerkbau ya Ujerumani, kampuni ya bastola za upepo za Olimpiki, ikatengeneza nakala yake. Colt ilishinda soko, Rogers & Spencer ikashinda karatasi ya shabaha. Sisi wa programu tumeona mambo kama hayo mara ngapi?

Najua wapenzi wa Colt watanijia juu, na wana hoja. Masizi ya baruti nyeusi ni mengi, na mhimili wa silinda ya Colt ni mnene na una mifereji inayoshika grisi, kwa hivyo silinda huendelea kuzunguka kwa muda mrefu. Mhimili wa Remington ni mwembamba na hukwama mapema. Ni kweli kabisa. Lakini kwenye mapigo 13 ndani ya nusu saa, unaweza kuufuta na kuupaka grisi katikati. Chombo kinachosamehe uchafu ni kizuri vitani. Kwenye shabaha nataka kisichosogea.

Wengine watauliza, kama ni vipimo tu, mbona usinunue Ruger Old Army? Ilitengenezwa kuanzia 1972 hadi 2008, ni imara kupita zote, lakini ni usanifu wa kisasa, si nakala, na MLAIC haiikubali. Nakala lazima ifuate ya asili. Hapo ndipo ufundi ulipo: kufanya kazi bora ndani ya mipaka iliyowekwa na mtu aliyekufa zamani. Mwenye kutunza programu ya miaka 20 iliyopita ananielewa.

Tahadhari kabla sijafunga. Usitie baruti ya kisasa isiyo na moshi hata chembe, itapasua silinda. Tumia kiasi kidogo: kwa .44 wapiga shabaha wengi hutia kama gramu 1.3 tu, kisha hujaza nafasi kwa semolina, ile ile ya keki, ili gololi ikae karibu na mdomo wa chemba. Funga juu kwa grisi na hakikisha fataki zimebana, maana moto ukiruka chemba hadi chemba, vidole ndivyo vinavyolipa. Na ukimaliza, osha kwa maji moto na sabuni siku hiyo hiyo, kausha, paka mafuta. Masizi haya hula chuma.

Binamu alinijibu jana. Alirudi dukani na kalipa, akapima ile nyeusi chemba kwa chemba huku muuzaji akimtazama kama mwendawazimu. Chemba moja ilikataa. Akaomba nyingine ya aina ile ile, akapima tena, zote sita zikakubali. Ile ya shaba bado iko kwenye kabati la kioo, inang'aa, inamsubiri mwenye macho.