Namba Hailei Mtoto



Kuna maneno matatu ambayo hutamkwa katika nyumba nyingi wakati mtoto anapotazama jambo lisilomfaa: «Ni sinema tu.» Huyasema baba aliyechoka na kazi ya mchana, huyasema kaka mkubwa asiyetaka kusumbuliwa, huyasema mama anayefurahi kwamba watoto wametulia. Makala hii imeandikwa ili kuyapinga. Wala haitawahukumu wazazi peke yao. Itatuhukumu pia sisi tulio katika vikundi vya parokia, kwa maana kosa hili tumelitenda hata ndani ya nyumba ya Kanisa.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Ijumaa Kuu moja, baada ya Njia ya Msalaba, tuliwakusanya watoto wa katekesi katika ukumbi wa parokia. Tulitundika shuka jeupe ukutani, tukawasha jenereta, tukaonyesha filamu ya Mel Gibson ya mwaka 2004 juu ya mateso ya Bwana wetu. Flashi niliileta mimi. Wadogo tuliwaketisha mbele, juu ya mikeka, ili waone vizuri. Askari walipoanza kumpiga Yezu mijeledi, sauti ilijaa ukumbi mzima, na hakuna aliyethubutu kuizima, kwa sababu ilikuwa filamu takatifu. Msichana mmoja wa miaka sita hivi, ambaye jamaa yake ilikuwa imekimbia kijiji chao mwaka uliotangulia, alijifunika uso kwa kitenge cha dada yake, akauliza: «Hawa askari wametoka wapi? Watafika huku?» Dada yake akamjibu: «Nyamaza, ni sinema tu.»

Mtoto yule hakuwa ameuliza juu ya sinema. Alikuwa ameuliza juu ya usiku aliokimbia. Sisi tulitaka aone upendo wa Kristu. Yeye aliona askari tu.

Ningalichunguza kidogo kabla ya siku ile, ningalijua kwamba huko Marekani filamu hiyo ilipewa alama ya R, yaani asiyetimiza miaka 17 haingii pasipo mzazi au mtu mzima wa kumlinda, na kwamba Uingereza iliwekwa katika daraja la miaka 18. Sisi tuliwaonyesha watoto wa miaka sita, kisha tukafunga kwa sala. Utakatifu wa habari ulitufanya tusahau wajibu wa kupima. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wasipokee jambo kabla ya kulijaribu. Hakusema kwamba mambo yenye jina la dini yameachiliwa na agizo hilo.

Hapo mtu atasema: «Basi, tufuate namba, na shauri limekwisha.» Kwake yeye kazi ya mzazi ni kusoma jalada: 12, 16, 18. Rai hiyo naipinga pia.

Tuulize kwanza namba hizo zilitoka wapi. Huko Marekani mpango unaotumika hadi leo ulianza mwezi wa Novemba 1968, nao uliundwa na chama cha makampuni ya filamu yenyewe; haukuundwa na serikali wala na Kanisa. Mwaka 1984 wazazi walinung'unika juu ya filamu mbili, Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom, ambazo watoto waliruhusiwa kuzitazama kwa ushauri wa wazazi tu, ingawa katika ile ya pili mtu anatolewa moyo kifuani angali hai. Ndipo ikaongezwa alama mpya, PG-13. Ufaransa ina madaraja ya miaka 12, 16 na 18. Jirani zetu wa Kenya wana bodi ya serikali inayopanga filamu kwa umri. Kazi hizo zina maana, wala sizidharau. Zinampa mzazi onyo la kwanza, na tena historia ya mwaka 1984 inatuonyesha kwamba sauti ya wazazi ikipazwa husikiwa.

Lakini onyo si hukumu. Namba huhesabu damu, matusi na miili iliyo uchi; haimjui mtoto aliyeketi mbele ya kioo. Walioiandika hawakuwa na habari ya mtoto aliyewahi kulala porini, wala ya yule ambaye baba yake hakurudi kutoka shambani. Zaidi ya hayo, namba hupima kiasi cha damu kuliko maana ya kifo. Watu mia wanaweza kuanguka pasipo tone moja kuonekana, na filamu ikapata alama nyepesi, kana kwamba kifo kisicho na damu hakifundishi kitu. Mimi naona kinafundisha vibaya zaidi: kinamwambia mtoto kwamba kuua hakuna uzito, na kwamba aliyeuawa hakuwa na mama.

Tena huku kwetu namba yenyewe haifiki. Filamu hupita kutoka simu hadi simu, kutoka flashi hadi flashi, jalada halipo. Mara nyingi imewekewa sauti ya msimulizi anayefasiri na kutania juu ya sauti za wachezaji, naye anaweza kugeuza kilio cha mwanamke kuwa jambo la kuchekesha. Mlangoni pa kibanda cha video mtoto huulizwa franka, haulizwi umri. Anayengojea namba imlelee mtoto wake anangojea mgeni asiyejua njia ya kufika kwake.

Wako wengine wanaoshika fimbo ya upande wa pili: kukataza kila kitu. Kwao sinema ni mlango wa shetani, na dawa ni kuufunga. Hao nawaomba wajifunze kwa Mama Kanisa. Mwaka 1936 Baba Mtakatifu Pio XI aliandika barua nzima juu ya sinema, Vigilanti Cura. Alikemea filamu mbaya kwa ukali, akataka kila nchi iwatangazie waamini zipi zinafaa na zipi hazifai. Lakini alikiri pia kwamba filamu njema inaweza kumwinua mtu. Mwaka 1957 Pio XII aliendeleza fundisho hilo katika barua juu ya sinema, radio na televisheni. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwakumbusha wazazi wajibu mzito wa kulinda nyumba zao. Papo hapo uliwataka vijana wajifunze kiasi, wajitahidi kuelewa wanachokitazama, na kukijadili pamoja na walimu wao. Angalieni: Kanisa halikuwaambia vijana wafumbe macho. Liliwaambia wajifunze kuona.

Hapa Kongo wamisionari walilijua jambo hilo mapema. Katika miaka ya 1950, huko Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili. Hakutosheka kuonya juu ya filamu za wengine, alichukua kamera. Na mtoto anayekatazwa nyumbani pasipo kuelezwa hatakosa filamu. Ataitazama kwa jirani, peke yake, bila mtu wa kumwuliza neno. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa leo unaenea katika mfuko wa suruali.

Sasa niwarudie wale wa «ni sinema tu». Wamesahau historia ya nchi yao. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walipenda mno filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani. Walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Walivaa kama wale waliowaona, walitembea kama wao, waligawana mitaa kama himaya, wakajitungia hata usemi wao, unaoitwa indubili. Walipigana wao kwa wao, na wasichana waliumizwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikichuja filamu za Waafrika; mchujo ule haukuwazuia Bills kuzaliwa. Aliyewafikia alikuwa padri mmoja wa Scheut, Jozef de Laet, aliyeingia kati yao na kuzungumza nao hata wakamwita Père Buffalo. Picha zilifanya kazi katika mioyo ya vijana wale. Mkasi wa serikali haukutosha. Mtu aliyeketi pamoja nao aliweza kitu. Mambo hayo matatu yanatosha kulijibu neno «tu».

Najua jibu moja ambalo ni chungu kuliko yote: «Watoto wetu wameona vita vyenyewe, filamu itawafanya nini?» Ndugu zangu, jeraha haliifanyi ngozi kuwa ngumu. Mahali palipoungua ndipo panapouma pakiguswa. Mtoto aliyeona vita anahitaji ulinzi kuliko mwingine, si pungufu yake. Akitazama vita pasipo kutikisika, tusijisifu kwamba amekuwa jasiri. Tuogope kwamba ameanza kuzoea.

Basi mzazi apime kwa nini? Nawapendekezea maswali manne, ambayo hata mama asiyesoma anaweza kuyauliza.

La kwanza: filamu hii inamfanya mtazamaji ampende nani, na kwa sababu gani? Kama shujaa anapendwa kwa sababu anaua haraka kuliko wengine, tumejua somo lake.

La pili: anayeumizwa ana uso? Yuko mtu anayemlilia, au anaanguka kama mti na hadithi inaendelea?

La tatu: mwanamke katika filamu hii ni mtu, mwenye neno na mapenzi yake, au amewekwa pale atazamwe tu?

La nne, lililo kuu: mtoto huyu, wa nyumba hii, amepitia nini, na ana umri gani wa kupambanua? Mdogo bado hawezi kutenga kilicho kweli na kilichochezwa. Kijana wa miaka 16 anaweza, akisaidiwa. Baada ya kutazama, mzazi aangalie mtoto amelalaje, na kesho yake anacheza mchezo gani uani.

Kwa maswali hayo tutaona kwamba filamu yenye bunduki si lazima iwe mbaya. Mwaka 2012 Rachel Mwanza, msichana wa Kinshasa aliyewahi kuishi barabarani, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Berlin kwa filamu Rebelle ya Kim Nguyen, iliyopigwa hapa Kongo. Inasimulia msichana anayetekwa na waasi na kulazimishwa kuwaua wazazi wake. Ni filamu nzito sana, na mtoto mdogo asiione kamwe. Lakini kila anayeumia humo ana uso, na uovu hautukuzwi. Vijana wenye umri wa kutosha wanaweza kuitazama pamoja na mtu mzima, kisha wakazungumza hadi usiku, na wakatoka na huruma. Kumbe filamu nyingine isiyo na tone la damu, inayowacheka maskini na kuwadharau wasichana, inaweza kumharibu mtoto taratibu, na hakuna namba itakayotuonya.

Vijana, sasa neno langu linawaelekea ninyi. Katika jamaa zetu nyingi mzazi si yule anayechagua filamu. Anayechagua ni wewe. Flashi ni yako, simu ni yako, nenosiri ni lako. Mama hajui Kifaransa wala Kiingereza; anapita sebuleni, anaona picha, anauliza: «Inasema nini hiyo, mwanangu?» Nawe unajibu: «Si kitu, mama.» Jibu hilo linamnyang'anya mzazi haki yake ya kulea. Yeye ana hekima ya kupima, wewe una lugha. Ukimficha maana, mnabaki vipofu wawili, na wadogo zenu wameketi mbele ya kioo.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu yaliyo wazi. Kwanza, mfasirieni mzazi kwa kweli, hata pale kweli inapoweza kuwanyima filamu mnayoitamani. Pili, msionyeshe wadogo filamu ambayo ninyi wenyewe hamjaitazama hadi mwisho. Tatu, katika parokia zetu, filamu isionyeshwe kabla vijana wawili na mzazi mmoja hawajaitazama yote na kumweleza paroko kwa maandishi, ukurasa mmoja watosha: inahusu nini, inafaa umri gani, na watoto wadogo watakuwa wapi wakati huo.

Mwaka uliofuata Ijumaa Kuu ile hatukuwasha jenereta. Tulitembea na watoto kituo kwa kituo, na kila kituo mtoto mmoja alionyesha mchoro alioutengeneza mwenyewe. Msichana yule alichora kituo cha sita, Veronika akimpangusa Yezu uso. Katika mchoro wake askari walikuwapo pia, lakini aliwachora wadogo, pembeni kabisa.

Mama Bikira Maria, uliyemlea Yezu pale Nazareti, utuombee sisi na wazazi wetu.