Mbavu za Columbus na Jiko la Nyumbani Kwetu

 

Ndugu wasomaji, mwezi wa Julai mwaka jana Mwenyezi Mungu alitujaalia kumtembelea dada yetu mkubwa, anayeishi na mumewe na watoto wao katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Tangu turejee, wengi wametuomba tuwasimulie habari za huko: majumba, barabara na maduka. Leo tumechagua kusimulia habari za nyama. Tunatanguliza kusema kwamba sehemu ya mwisho ya simulizi hii inatuhusu sisi wenyewe, wala si sehemu ya kujivunia.

Columbus ni mji wenye Waislamu wengi. Jamii ya Wasomali iliyopo huko ni miongoni mwa zilizo kubwa zaidi Marekani, na mtu akitembea katika masoko yao hakosi kusikia Kiswahili kutoka kwa Wakenya, Wakongo na Wabantu wa Somalia. Mji huo huo una tamasha mashuhuri la kiangazi, la muziki wa jazi na mbavu za kuchoma, kandokando ya mto Scioto. Wachomaji hupanga majiko yao makubwa yenye mabomba ya moshi, hutundika mabango na kuonyesha vikombe walivyoshinda kwingineko, na watu humiminika na familia zao.

Aliyetualika alikuwa jirani wa dada yetu, mzee Mmarekani mweusi aliyestaafu udereva wa basi. Mzee huyo ndiye anayewaondolea theluji mlangoni wakati wa baridi kabla hata shemeji hajaamka. Alikuja jioni moja, akasema Jumamosi anakwenda kwenye mbavu pamoja na wajukuu wake, na angefurahi kama mgeni kutoka Afrika angefuatana nao.

Hatuwafichi, jibu letu la kwanza moyoni lilikuwa kukataa. Katika matamasha hayo, mtu akisema mbavu bila kufafanua, nyama inayokusudiwa ni ya nguruwe. Muziki nao ulikuwa na majukwaa yake. Dada yetu akatukumbusha kwa upole kwamba jirani ana haki yake, na kwamba mzee yule alikuwa anatukaribisha kukaa naye, hakuwa anatulazimisha kula. Tukaafikiana tufike, tukae mbali na majukwaa, tule kile tu tulicho na yakini nacho, na tusipitwe na swala.

Tulifika baada ya Adhuhuri. Harufu ilitupokea kabla ya macho kuona chochote. Uchomaji wao haufanani na wetu. Sisi huweka nyama juu ya makaa yanayowaka, ikaiva kwa muda mfupi. Wao huifungia ndani ya jiko kubwa na kuipikia moshi wa magogo kwa moto mdogo, saa baada ya saa, hata nyama ikajitenga na mfupa wenyewe. Kisha huipaka mchuzi mzito mtamu kwa brashi, tena na tena.

Baada ya kuzunguka kidogo tukaona bango lenye picha ya ng'ombe. Mchomaji alikuwa akikata kidari cha ng'ombe, vipande vinene vyenye ukingo mweusi wa moshi. Tukafurahi. Tukasema, hapa angalau pana kitu chetu. Tukajiunga na foleni na mkono ukaingia mfukoni kutafuta pesa.

Mtoto wa dada yetu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, akatushika mkono. "Mjomba, subiri kwanza niulize."

Tukamwambia, "Si ng'ombe huyo?"

Akajibu, "Ng'ombe peke yake haitoshi, Mjomba."

Akasogea mbele, akamsalimu mchomaji kwa adabu, akamweleza kwamba sisi ni Waislamu, kisha akauliza bila haya wala ukali. Nyama hii imechinjwa na nani? Je, imeiva katika jiko moja na nguruwe? Kisu, ubao na brashi ni hivyo hivyo? Mchuzi una pombe? Mchomaji, mtu mnene mwenye aproni iliyojaa masizi, hakukasirika hata kidogo. Alisema nyama ameinunua kwa muuzaji wa kawaida na hajui aliyechinja. Jiko ni moja, nguruwe juu na ng'ombe chini, na mafuta hudondoka. Kisu na brashi ni vile vile. Mchuzi aliutia kiasi cha pombe kali ya nafaka, kama wafanyavyo wengi. Akaongeza jambo ambalo tusingelifikiria kabisa: hata maharage yaliyokuwa pembeni yamepikwa na vipande vya nguruwe. Kisha akamshukuru mtoto kwa kuuliza, akamwelekeza kwa muuza matikiti na maji ya ndimu.

Tukaurudisha mkono mfukoni ukiwa mtupu, na uso ukiwa umeiva kuliko zile nyama. Mtu aliyemaliza chuo cha dini, anayeketi mbele ya watu kila wiki, alikuwa hatua tatu kutoka kwenye mafuta ya nguruwe kwa sababu tu ya picha ya ng'ombe. Aliyemwokoa ni mtoto wa darasa la tano.

Tulikaa kwenye nyasi na jirani yetu. Yeye na wajukuu wake walikula mbavu zao, sisi tukala matikiti na sambusa ambazo dada yetu alizifunga nyumbani, za nyama aliyoinunua kwa mchinjaji Msomali. Wajukuu wa mzee walizimaliza sambusa kabla yetu. Mzee alitueleza kwamba katika majimbo ya kusini, walikotoka wazee wake, waliokesha kwenye mashimo ya moto wakigeuza nyama za mabwana walikuwa hasa Waafrika waliotiwa utumwani, na kwamba ufundi wa leo umepita mikononi mwao.

Maneno hayo yalitukumbusha Ayuba Suleiman Diallo, Mwislamu aliyehifadhi Qur'an, mtoto wa mwanachuoni wa Bundu, katika eneo la Senegal ya leo. Alitekwa na kuuzwa Maryland mwanzoni mwa miaka ya 1730, akawa mtumwa asiye na lugha ya wenyeji wala wa kumtetea. Mwingereza Thomas Bluett, aliyemfahamu na kuchapisha habari zake mwaka 1734, alieleza kwamba Ayuba hakukubali kamwe kula nguruwe, na nyama nyingine hakuila mpaka awe amechinja mwenyewe au amechinja Mwislamu mwenziwe. Mtu asiyemiliki hata nafsi yake alisimama juu ya mpaka wa Mola wake. Sisi tulio huru, wenye pesa mfukoni, tunaona haya kuuliza swali moja!

Alasiri iliingia karibu saa kumi na mbili kasoro jioni, maana kiangazi cha huko jua halizami hadi karibu saa tatu usiku. Tulitafuta kivuli cha mti, tukaelekea kaskazini mashariki, ndiko kibla cha watu wa Ohio kilipo, tukaswali jamaa watu watano. Mzee aliwaketisha wajukuu wake kimya mpaka tulipotoa salamu.

Ndugu wasomaji, kuuliza huku hakukubuniwa na Waislamu wa Marekani. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, sahaba Abu Tha'laba al-Khushani (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) akauliza kuhusu vyombo vya Watu wa Kitabu aliokuwa akiishi nao. Alielekezwa asile katika vyombo hivyo akipata vingine, na asipopata, avioshe ndipo ale. Tuzingatie: sahaba hakuuliza chakula tu, aliuliza chombo. Ama nyama yenyewe, wanavyuoni wanatofautiana kuhusu nyama za madukani katika nchi hizo. Wapo wanaotegemea ruhusa ya chakula cha Watu wa Kitabu katika Surat al-Maida, aya ya 5, na wapo wanaojizuia kwa kutojulikana uchinjaji wake. Lakini mafuta ya nguruwe yanayodondokea nyama hayana tofauti ya kutafuta.

Sasa tufike nyumbani.

Kila mwaka baada ya Idd, kamati ya msikiti wetu huandaa siku ya familia. Watoto hucheza, kina mama hukutana, na mchana huchomwa mbuzi. Kazi ya kumtafuta mchomaji ni ya katibu, yaani sisi. Kwa miaka minne mfululizo tumempa kazi hiyo kijana mmoja Mwislamu, hodari na mwaminifu. Tulimuuliza bei. Tulimuuliza atafika saa ngapi. Halikutujia swali jingine lolote, kwa sababu jina lake ni la Kiislamu na mbuzi ni mbuzi. Ile ndiyo ilikuwa picha yetu ya ng'ombe.

Tuliporejea safari tulimwita, tukamuuliza maswali ya yule mtoto, moja baada ya jingine. Mbuzi alikuwa akichinja mwenyewe, tena kwa kufuata sharia, hapo tukamshukuru Mungu. Tulipofika kwenye majiko, alinyamaza kidogo.

"Ustadhi," alisema, "majiko yale si yangu. Ninayakodi kwenye baa. Mwisho wa wiki wao wanachomea kitimoto. Mimi huziosha zile nyavu kwa sabuni kabla ya kuja kwenu. Miaka minne mnanipa kazi, leo ndiyo mara ya kwanza kuniuliza."

Hatukuwa na la kumjibu. Tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi tunafundishwa tangu madrasa kwamba najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kijana hakukumbuka hilo, nasi tulioyasoma hayo chuoni hatukumkumbusha. Kina mama waliwalisha watoto wao kwa kutuamini sisi.

Tulilipeleka jambo hilo kwa imamu na kamati. Imamu alitutuliza kwamba waliokula bila kujua hawana dhambi, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Surat al-Ahzab, aya ya 5, kwamba hakuna lawama katika jambo tulilolikosea bila kukusudia. Lakini alisema dhamana ya kuuliza ilikuwa yetu, na watu wana haki ya kuambiwa. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, tulisimama tukaeleza yote bila kumtaja kijana kwa jina, maana kosa tuliliona ni letu kabla ya kuwa lake. Wapo walionung'unika, nao walikuwa na haki. Kutoka upande wa kina mama bibi mmoja akapaza sauti, "Na masufuria mnayokodi je, mmeyauliza?" Hatukuwa tumeyauliza. Tukaenda kuyauliza.

Leo msikiti una majiko yake mawili, yaliyochongwa kwa mapipa kwa michango ya waumini, na kijana yule yule ndiye anayeyachomea. Hatukumfukuza. Aliyesema kweli alipoulizwa hastahili kuwa wa kwanza kuadhibiwa na wale ambao hawakuuliza.

Tunawausia wazazi mambo mawili. La kwanza, wafundisheni watoto kuuliza kwa adabu: nani amechinja, jiko ni la nani, kisu na ubao vimetumika wapi, mchuzi una nini. Waulize kwenye harusi, kwenye mkahawa na kwenye banda la nyamachoma la jirani, kama wanavyouliza watoto wetu walio ughaibuni. La pili, wafundisheni pia mwisho wa kuuliza. Bukhari amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba watu walimweleza Mtume (S.A.W.) kuhusu nyama waliyoletewa na watu wapya katika Uislamu, wasijue kama imetajiwa jina la Allah. Aliwaambia walitaje wao jina la Allah, kisha wale. Mwislamu akikupa chakula na hapana dalili ya shaka, usimfanyie upelelezi wala usimvunjie heshima. Swali lina mahali pake, palipo na sababu: jiko la kukodi, mchomaji wa barabarani, mkahawa unaouza vya aina zote.

Mwaka huu mpwa wetu amepanga kuja likizo, na siku ya familia itamkuta hapa. Tumemwandikia kwamba mjomba wake atamkabidhi kazi ya kukagua majiko kabla moto haujawashwa. Amejibu kwa swali moja tu: "Na brashi, Mjomba, ni mpya?"

Tumenunua mpya.