Mganga Hajigangi? Tumeuelewa Vibaya Msemo Huu

Hivi ukikutana na daktari wa Kimarekani ambaye baada ya jina lake ameandika DO badala ya MD, utamdhania nani? Najua wengi wetu tutasema, "Aah, huyo si mkandaji tu!" Kosa hilo halipo kwetu peke yetu. Mwaka 2020, Trump alipougua Korona, daktari wa Ikulu ya Marekani, Sean Conley, alikuwa DO. Basi watu huko huko kwao wakaanza kuuliza kama kweli ni daktari.

Ni daktari, jamani. Uingereza mtu wa osteopathia ni mtaalamu wa viungo, si daktari wa tiba. Marekani ni habari nyingine kabisa: DO anaandika dawa, anapasua, anazalisha, anakuwa bingwa wa moyo akitaka. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari wa nchi hiyo sasa wanasoma vyuo vya osteopathia.

Mwanzilishi wake ni Andrew Taylor Still. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo ilimwulia watoto watatu, na dawa zote alizozijua hazikusaidia kitu. Miaka kumi baadaye akatangaza fani yake mpya, na mwaka 1892 akafungua chuo Kirksville, Missouri. Fundisho lake kuu: mwili, akili na roho ni kitu kimoja, huwezi kutibu kipande ukaacha kingine.

Maneno matamu, sivyo? Sasa tazama wanaofundishwa maneno hayo wanavyoishi.

Mwanafunzi wa DO ana mtihani wake wa leseni, COMLEX. Lakini wengi hufanya na ule wa wenzao wa MD, USMLE, kwa kuogopa kwamba hospitali za mafunzo ya ubingwa zitawapita. Mitihani miwili, ada mara mbili, usingizi nusu. Vyuo vyao vingi havina hospitali yake, kwa hiyo mwaka wa tatu mtu anafungasha virago na kuhamia mji asiomjua mtu. Mwaka 2020 mifumo ya mafunzo ya ubingwa ya MD na DO ilikamilika kuunganishwa. Ni hatua nzuri, ila dharau haifutwi kwa kusaini karatasi. Na ukishaingia kwenye ubingwa, kikomo cha kazi ni saa 80 kwa wiki. Ndiyo, umesoma sawasawa. Themanini!

Mtu wa namna hii akianza kuzama kwenye sonona, si aende kwa daktari mwenzake? Hapo ndipo penye mtego. Kwa miaka mingi bodi za leseni za majimbo mengi, za MD na za DO, zimekuwa zikiuliza kwenye fomu: umewahi kutibiwa ugonjwa wa akili? Ukisema ndiyo, unajiuliza kama leseni itatoka. Ukisema hapana, umedanganya. Wengi wamechagua njia ya tatu: wasitibiwe kabisa.

Lorna Breen alikuwa MD wa New York, lakini woga huu hauchagui shahada. Alijiua Aprili 2020, baada ya wiki za kuhudumia wagonjwa wa Korona na kuugua yeye mwenyewe. Familia yake ilisema alihofia kupoteza leseni kwa kutafuta msaada. Mwaka 2022 sheria yenye jina lake ilipitishwa, ikatoa fedha za kulinda afya ya akili ya wahudumu wa afya. Lakini fomu za leseni ni mambo ya kila jimbo.

Kuna watakaosema mgonjwa ana haki ya kuhudumiwa na daktari mwenye akili timamu. Nakubali. Basi ulizeni kama leo ana hali yoyote inayomzuia kufanya kazi salama, isiyotibiwa. Shirikisho la bodi za leseni lilishauri jambo la namna hiyo tangu 2018. Daktari aliyetibiwa akapona ni salama kuliko anayejificha. Hili linahitaji shahada gani kulielewa?

Kwa watu wa osteopathia naona aibu ni kubwa zaidi, maana wao ndio walioandika mlangoni kwamba mtu hagawanyiki. Bodi zao na vyuo vyao vilipaswa kuwa vya kwanza kufuta swali hilo, si kusubiri kusukumwa.

Wazee waliposema mganga hajigangi, sisi tumeufanya msemo huo kuwa kejeli kwa daktari anayeugua. Mimi nausoma hivi: kama hawezi kujiganga, basi lazima awepo wa kumganga, na asiadhibiwe kwa kumwendea.

Je, kwenu hapo, daktari akilemewa anakwenda kwa nani? Tuulizane.