Mazoezi ya Vyuma: Yapi Tuyaache, na kwa Nini



Tangu baadhi ya kumbi za mazoezi zianze kutenga saa za wanawake peke yao, tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara: je, mwanamke anyanyue vyuma au asinyanyue? Kwa maoni yetu, swali hilo limechelewa. Mwanamke wa Pwani hunyanyua tangu alfajiri. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, nao hupandishwa ngazi bila ya mtu kuuita mazoezi. Mtoto naye hubebwa kiunoni huku sufuria ya wali ikiepuliwa. La kuuliza ni kunyanyua kwa namna gani kunakojenga mwili, na kwa namna gani kunakoubomoa.

Tuanze na jambo ambalo dada zetu hulisema kwa kunong'ona. Mama amejifungua, arobaini imekwisha, anatamani tumbo lirudi. Anaanza kunyanyua vyuma, au kulala chali na kuinuka huku amekumbatia kisahani cha chuma kifuani, na mkojo unamtoka. Mwanzo ni tone. Baadaye nguo inalowa. Udhu umetenguka, anajitwahirisha na kutawadha upya, na kesho yake ni yale yale. Mwengine huacha hata kwenda tarawehe msikitini kwa kuhofia kuchafua mahali pa sala, wala hamwambii mtu, hata mumewe. Maadamu jambo hili halisemwi, kila mmoja hudhani ni aibu yake peke yake, ilhali huwapata wanawake wengi waliozaa, na lina tiba.

Sababu yake ni hii. Chini ya nyonga pametandazwa misuli mfano wa machela, nayo ndiyo inayobeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Mimba huilemea kwa miezi 9, kisha uzazi huivuta. Mtu anapozuia pumzi na kujikakamua ili anyanyue kizito, tumbo husukuma kwa nguvu kuelekea chini. Misuli iliyolegea haiwezi kustahimili: mkojo hutoka, na hali ikiendelea hivyo, kizazi chaweza kuteremka. Zaidi ya hayo, misuli miwili ya mbele ya tumbo huachana wakati wa ujauzito. Anayeinuka kutoka chali kabla haijakaribiana tena huona tuta limechomoza katikati ya tumbo. Ukiliona tuta hilo, liache zoezi lile papo hapo. Mkaja waliotufunga bibi zetu unashikilia, wala hatuudharau, lakini haufanyi kazi ya misuli.

Basi mzazi mwenye dalili hizi na aache kuinuka kutoka chali na chuma, kuchutama na chuma kizito mabegani, kuruka na mzigo, na kila zoezi linalomlazimu kuzuia pumzi. Aache kwa sasa, si kwa maisha. Aanze na zoezi ambalo daktari Arnold Kegel wa Marekani alilieleza mwaka 1948: kuibana misuli ile ya chini kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, kuhesabu hadi 5, kisha kuiachia polepole, mara 10, na kurudia mara 3 kwa siku. Asiizoeze kwa kukatiza mkojo chooni. Zoezi hili halitaki ukumbi wala ada, hufanyika hata mtu akiwa ameketi akisubiri chai ichemke, ila lataka subira ya miezi 3 au zaidi. Kisha ndipo aingie katika vyuma vyepesi, akitoa pumzi kila anaponyanyua. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri kwanza ruhusa ya daktari wake. Mwenye presha naye, hata kama hajazaa, asizuie pumzi chini ya mzigo, kwani presha hupanda ghafla.

Kuhusu mabega hatutasema mengi. Kushusha chuma nyuma ya shingo hulipeleka bega mwisho kabisa wa uwezo wake na kuzivuta kano za mbele. Kuvuta chuma kutoka mapajani hadi kidevuni, viwiko vikiwa juu ya mabega, huzibana kano chini ya mfupa. Hakuna kinachopatikana nyuma ya shingo ambacho hakipatikani mbele yake. Chuma na kipite mbele ya uso, na viwiko visipite usawa wa bega.

Tuje kwa mama zetu waliokwisha kuaga hedhi, ambao mifupa yao huanza kupungua nguvu. Mwaka 1984 watafiti Sinaki na Mikkelsen wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 59 wenye mifupa dhaifu. Katika waliofanya mazoezi ya kuunyoosha mgongo kwa nyuma, 16 katika kila 100 walipata mivunjiko mipya ya pingili. Katika waliofanya ya kuukunja mgongo kwa mbele, walikuwa 89 katika kila 100. Kundi hili la pili lilikuwa la watu 9 tu, lakini tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Kwa hivyo mama mwenye mifupa dhaifu aache kuinuka kutoka chali, na aache kuinama kugusa vidole vya miguu akiwa na vyuma mikononi.

Wala asikimbie vyuma vyote. Nchini Australia wanawake 101 waliokwisha kukoma hedhi, wenye mifupa hafifu, waligawanywa makundi mawili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito mara 2 kwa wiki, nusu saa kila mara, kwa miezi 8, kukiwa na msimamizi. Mifupa ya migongo yao ya chini iliongezeka uzito, hali ya kundi lililofanya mazoezi mepesi nyumbani ilipungua. Miongoni mwa mazoezi yao lilikuwamo la kunyanyua chuma kutoka sakafuni, lile lile ambalo wengi hulihofu. Walichofundishwa kwanza ni umbo: mgongo ulionyooka, nyonga zinazorudi nyuma, mzigo ulio karibu na mwili.

Ndiyo sababu hatupendezwi na kumbi ambamo wanawake ishirini, bikizee na mwari, hupewa zoezi moja kwa hesabu moja. Kabla ya kushika chochote, mwambie mwalimu wako umezaa lini na kwa njia gani, na kama mgongo wauma. Akionesha kuudhika, tafuta mwengine. Na mkojo ukiendelea kutoka, au ukihisi uzito unaoshuka ukeni, nenda hospitali ukaombe kuonana na mtaalamu wa viungo. Waweza kuomba awe mwanamke.

Na ule mtungi wa kilo 20 pale mlangoni, usiuinamie kwa magoti yaliyonyooka. Usogelee, kunja magoti, utoe pumzi, kisha uinuke nao. Au ujaze nusu na uende safari mbili.